Kabla hujanunua bawaba za mlango mnene unaokaa ndani ya fremu

Mlango wa kabati wa mninga wenye unene wa milimita 30, unaoingia ndani ya fremu na kulingana nayo usoni, upime kwanza ndipo uende dukani. Bawaba nyingi za kabati, zile zenye kikombe cha milimita 35 kinachozamishwa nyuma ya mlango, zimekusudiwa ubao wa milimita 18 au zaidi kidogo. Niliwahi kuzifunga kwenye mlango mnene kwa kumwamini muuzaji. Ulifunguka upana wa kiganja tu, ukagota: kona ya mbele, upande wa bawaba, ilikuwa inaisukuma fremu. Nilipolazimisha, skrubu zikang'oka na unga wa mbao.

Bawaba ya kikombe huuzungusha mlango kutokea ndani, kwa hiyo unene ukiongezeka, kona hiyo hudai nafasi zaidi. Kama unazipenda kwa kuwa hazionekani, ulizia za milango minene, ambazo baadhi kikombe chake ni milimita 40, na mkono wake, kile kipande kinachofungwa kwenye ubavu wa kabati, uwe umepinda sana. Mkono ulionyooka ni wa mlango unaofunika ubavu wa kabati. Usitoboe kabla ya kusoma jedwali la kiwanda linaloonyesha mwanya unaohitajika kwa kila unene.

Kwa mlango wa namna hii, mimi huchagua bawaba ya mabapa mawili yanayokunjana kama kitabu, pini yake ikitokeza nje ya uso wa mlango. Upande wa bawaba hausumbui tena, ila sasa angalia upande wa kitasa. Huko kona ya nyuma iko mbali zaidi na pini kuliko kona ya mbele, na mlango ukifunguka ndiyo inayokwaruza fremu. Mlango wa upana wa milimita 300 na unene wa 30, pini ikiwa imetokeza 5, unataka mwanya wa milimita 2 kamili upande huo. Fundi anayetaka mwanya mwembamba huupiga randa ukingo ule, akiondoa zaidi kwa nyuma, na uso unabaki safi. Fanya hivyo kabla ya vanishi.

Kunja bawaba upime mabapa yakiwa yamelala sambamba. Yote mawili kwa pamoja yakiwa na unene wa milimita 4 na mwanya wako upande wa bawaba ni 2, utachimba kwa patasi milimita 1 kwenye mlango na 1 kwenye fremu.

Uzito nao usiukadirie kwa macho. Mninga mkavu una takriban kilo 640 kwa mita ya ujazo, hivyo mlango wa milimita 300 kwa 700 una kilo 4, na bawaba mbili zinautosha. Wa 450 kwa 1,200 unafika kilo 10. Huo weka tatu.

Kwa nyumba za pwani, nenda dukani na sumaku. Bawaba ya shaba nyeupe isiyo na chuma ndani haivutwi. Iliyopakwa rangi ya dhahabu juu ya chuma hunata papo hapo, na hewa ya chumvi itaila. Skrubu za shaba hukatika kirahisi kwenye mbao ngumu, basi toboa tundu, ingiza kwanza skrubu ya chuma ya saizi ileile ikate njia, itoe, kisha paka ile ya shaba nta na uikaze kwa mkono.