Kuchagua tangi la choo la kufichwa ukutani kwa nyumba ya Dodoma

Anayejenga Dodoma na kutamani choo kisichoonyesha tangi lake, aulize jambo moja kabla ya kuuliza bei: ukuta ukishapigwa marumaru, fundi atavifikiaje vifaa vya ndani? Katika matangi yaliyotengenezwa vizuri, njia ni lile bamba la vitufe, ambalo likibanduliwa huacha tundu linalotosha mkono kuingia, kufunga koki ndogo iliyomo ndani, kisha kutoa boya na valvu ya kuachia maji bila kuvunja kigae hata kimoja. Muuzaji akuonyeshe hayo kwa vitendo palepale dukani. Asipoweza, tafuta duka jingine.

Ninalitanguliza hilo kwa sababu ya maji yetu. Visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, vimekuwa tegemeo la mji kwa miaka mingi, na mwenye birika nyumbani anaujua ukoko mweupe unaoachwa na maji ya visima. Ukoko huohuo hujijenga kwenye valvu ya kuingizia maji na kwenye mpira wa chini wa tangi, na mpira usipokaa sawasawa, maji hupenya kidogokidogo hadi kwenye sinki la choo bila kelele, huku bili ikipanda. Kwa hiyo hakikisha kwamba mpira na boya vya aina unayonunua vinapatikana madukani hata baada ya miaka, hata kama ni kwa kuagiza Dar es Salaam. Tangi la bei nafuu lisilo na vipuri ni ghali mno likiwa limezibwa ukutani.

Kuna pia suala la msukumo wa maji. Kwa kuwa maji ya bomba huja kwa mgao katika mitaa mingi, tangi la choo liunganishwe na simtanki, si na bomba la DUWASA (mamlaka ya maji ya Dodoma) moja kwa moja, maana hili la ukutani halina mfuniko wa kuinua ukamimina ndoo. Simtanki lililo mita 3 juu ya choo hutoa msukumo wa takriban baa 0.3 tu, soma karatasi ya kifaa uone kiwango cha chini kinachotakiwa, na weka chujio kwenye bomba la kuingizia ili mchanga usiingie.

Kuhusu ukuta, usikubali fundi achimbe ukuta wa tofali za inchi 5 zilizosimamishwa. Matangi mengi yana unene wa sentimita 12 hivi, yaani karibu ukuta wote. Ni afadhali kujenga ukuta mwembamba mbele yake, ingawa utapoteza kama sentimita 15 hadi 20 za nafasi ya bafu. Fremu nyingi, yaani viunzi vya chuma vinavyoshika tangi, zina kimo cha mita 1.12, na zipo fupi za sentimita 82 zinazofaa chini ya dirisha. Ukitaka sinki la choo linaloning'inia, chukua fremu iliyothibitishwa kubeba kilo 400, miguu yake ifungwe kwenye zege, na upime umbali wa boliti za sinki, ambao huwa sentimita 18 au 23. Kama bomba la majitaka tayari limetokea sakafuni, sinki la kusimama chini litakupunguzia uvunjaji.

Chagua tangi lenye vitufe viwili, kwa kawaida kimoja cha kuachia lita 6 na kingine lita 3.

Kabla ya kuziba, jaza tangi, liache hadi kesho yake, kisha kagua kila kiungo kwa karatasi kavu. Tia pia rangi ya chakula ndani ya tangi. Ikionekana kwenye sinki baada ya nusu saa bila mtu kubonyeza kitufe, mpira unavuja. Mwisho piga picha ya mabomba ukiwa umeweka futi kamba kando yake, ndipo fundi wa marumaru aanze kazi.