Ukishitakiwa ugenini, dai haki yako mapema: mwongozo kwa Wazanzibari walioko nje

Mzanzibari aliyezoea kesi za Vuga au Chake Chake, ambako hakimu au jaji ndiye anayesikiliza na ndiye anayeamua, hushtuka anapofikishwa mahakamani London kwa kosa zito. Kule jaji hasemi kama una hatia au huna. Wanaosema ni juri, watu 12 wa kawaida ambao majina yao yametolewa kwenye daftari la wapiga kura. Mtu mweusi mwenye jina la Kiislamu akiwatazama watu hao wazo lake la kwanza ni moja: watanihukumu kwa rangi yangu.

Hofu hiyo ina sababu zake, na sitaki mtu yeyote aidharau. Lakini waliochunguza jambo hili England na Wales wamekuta kitu ambacho kila Mzanzibari aliyeko huko anapaswa kukijua. Profesa Cheryl Thomas alichapisha utafiti wake mwaka 2010 akaona kwamba kwa jumla juri haziwatii hatiani watu wa makabila madogo zaidi kuliko Wazungu. Mwaka 2017 mbunge David Lammy, aliyepewa na serikali kazi ya kuchunguza mfumo mzima wa jinai, naye aliikuta juri kuwa miongoni mwa sehemu zenye uadilifu. Kwengine ndiko kulikokuwa na balaa. Watu wasio Wazungu walikuwa asilimia 14 ya wakaazi, lakini asilimia 25 ya wafungwa, na zaidi ya asilimia 40 ya vijana waliofungiwa.

Basi ubaguzi unaingia wapi? Barabarani unaposimamishwa na kupekuliwa, kaunta ya polisi, chumba cha mahojiano, siku ya dhamana, na pale unapoamua kukiri au kukana. Yote hayo ni kabla juri haijakaa kitini. Ndiyo maana nasema dai haki yako mapema, na hakikisha imeandikwa. Malalamiko yanayokuja baada ya hukumu sheria huyasikiliza kwa shida.

Kituoni

England na Wales, sheria ya polisi ya mwaka 1984 inakupa wakili bure kituoni, saa yoyote, uwe na pesa au usiwe nazo. Unaye pia mkalimani bure, na una haki ya mtu wako kuarifiwa ulipo. Wengi wetu humkataa wakili wa zamu kwa kudhani ni mtu wa polisi, au kwa kudhani kuomba wakili ni dalili ya kuwa na kosa. Ripoti ya Lammy ilitaja hasa kutoaminiana huku kuwa chanzo kimoja cha watu weusi kupata adhabu nzito zaidi. Wakili wa zamu si wa polisi. Mwite, msubiri hata kama itachukua masaa matano, wala usikubali kuhojiwa "mara moja tu ili uende zako".

Kunyamaza ni haki yako, lakini England kuna mtego ndani yake. Tangu sheria ya 1994, ukija kutegemea mahakamani jambo ambalo hukulitaja ulipohojiwa, juri inaruhusiwa kujiuliza kwa nini hukulisema. Kwa hiyo kunyamaza au kusema ni uamuzi wa kufanya pamoja na wakili, si peke yako ukiwa na hasira au njaa. Ukitukanwa kwa rangi au dini yako, ukinyimwa chakula cha halali au nafasi ya kusali, mwambie afisa wa kaunta aandike katika kumbukumbu za kizuizini. Wakili wako ana haki ya kuziona.

Jambo la malezi nalo lina uzito mkubwa hapa. Kwetu, kijana aliyelelewa vyema hamkodolei macho mkubwa wake. Huinamisha uso, hujibu kwa sauti ya chini, na akiulizwa na mwenye cheo husema "naam, naam" hata pale asipofahamu, maana kumwambia mtu mzima "sijakufahamu" ni kama kumsuta. Afisa aliyelelewa Leeds huyasoma hayo kwa macho mengine kabisa: anayekwepa macho ana jambo analoficha, na anayesema "naam" amekubali. Mahojiano hurekodiwa, na hiyo "naam" ya adabu inaweza kuchezwa mahakamani kama kukiri. Jibu "sijafahamu swali" mara nyingi kadiri inavyohitajika. Mzazi uliyeko Wete au Michenzani, mwambie hivyo mwanao kabla hajapanda ndege.

Kuna pia onyo la polisi, ambalo hutolewa kama njia ya mkato: kubali, tia saini, nenda nyumbani ukafuturu. Kulikubali ni kukiri kosa, na hubaki kwenye rekodi yako utakapoomba kazi au uraia. Usitie saini bila wakili.

Mkalimani

Ipo kesi moja ambayo kila anayezungumza Kiswahili mahakamani England anapaswa kuifahamu. Mwanamme mwenye asili ya Pakistani, aliyekwisha kuishi Uingereza miaka mingi, alitumia mkalimani katika kesi yake. Juri ilitia shaka: mbona mtu wa miaka yote hiyo hajui Kiingereza? Jaji aliwaambia wasimfikirie vibaya kwa hilo. Alitiwa hatiani kwa kura kumi dhidi ya mbili. Baada ya hukumu, mjumbe mmoja wa juri aliandika barua akieleza kwamba wenzake waliuona ukalimani ule kuwa ni hila. Kesi ilifika hadi kwa mabwana wa sheria wa Baraza la Juu la Bunge, waliokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, na mwaka 2004 wengi wao walisema barua ile haiwezi kupokelewa kama ushahidi, kwa sababu majadiliano ya juri ni siri. Lord Steyn peke yake hakukubaliana nao.

Mimi naona Steyn ndiye aliyekuwa na haki. Lakini sheria ni ile ya waliokuwa wengi, na somo kwetu ni la vitendo. Usiache kutumia mkalimani kwa kuona haya. Kiingereza cha dukani na cha kazini hakitoshi kwa ushahidi wa jinai. Ila mwambie wakili wako mapema amwombe jaji awaeleze juri, mwanzoni kabisa, kwamba mtu anaweza kuendesha basi kwa Kiingereza miaka kumi na bado akahitaji kusimulia usiku wa tukio kwa lugha ya mama yake. Na kama mkalimani aliyeletwa anazungumza Kiswahili cha Lubumbashi na wewe ni mtu wa Micheweni, msipofahamiana sema siku hiyo hiyo na uombe abadilishwe. Ukinyamaza, kila alichotafsiri kitahesabiwa kuwa ndicho ulichosema.

Majina na karatasi

Sisi hatuna jina la ukoo kwa mtindo wa Kizungu. Mtu huitwa kwa jina lake, la baba na la babu, kwa hiyo baba na mwanawe huwa na majina ya mwisho tofauti. Kwa mpelelezi asiyejua, hiyo ni harufu ya udanganyifu. Wakili aelezwe, aandike.

Umri ni jambo kubwa zaidi. Kijana mweusi hudhaniwa mtu mzima kwa wepesi, na akishitakiwa kama mtu mzima kila kitu hubadilika. Jamaa walioko nyumbani wakatafute cheti cha kuzaliwa kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii bila kuchelewa, pamoja na rekodi za skuli. Barua za tabia njema kutoka kwa sheha, mwajiri wa zamani au mwalimu wa madrasa husaidia wakati wa adhabu, zikitafsiriwa na mfasiri anayetambulika. Kwenye dhamana kinachohitajika zaidi ni anwani ya kuaminika na watu wa kusimama. Hapo ndipo jumuiya zetu zina kazi ya kweli: mtu kumpokea mshtakiwa nyumbani kwake, na watu kuhudhuria mahakamani wakiwa wamevaa vizuri na wametulia.

Kesi isijadiliwe kwenye magrupu ya WhatsApp. Simu za jela nazo hurekodiwa, isipokuwa mazungumzo na wakili.

Kukiri kosa mapema England kunaweza kupunguza adhabu hadi theluthi moja, na wanaokana kwa sababu tu hawamwamini wakili huikosa nafuu hiyo. Asiye na kosa asikiri kwa ajili ya punguzo. Na yeyote asiye raia aulize kwanza: nikikiri, ukaazi wangu utakuwaje? Kwa sheria ya 2007, kifungo cha miezi 12 au zaidi humfungulia mgeni mlango wa kurudishwa kwao. Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2010, wakili ana wajibu wa kukueleza hatari hiyo.

Marekani, Canada, Ghuba

Marekani haitoshi kukaa kimya. Sema kwa mdomo kwamba unanyamaza na unataka wakili. Tangu 1986 mwendesha mashtaka haruhusiwi kumwondoa mtu kwenye juri kwa sababu ya rangi yake. Wakili wako anatakiwa kupinga papo hapo. Ontario, tangu 1993, wakili wa mshtakiwa mweusi anaweza kuomba watarajiwa wa juri waulizwe kama ubaguzi utawazuia kutenda haki. Oman hakuna juri na mahakama huendeshwa kwa Kiarabu: usitie saini karatasi usiyoweza kuisoma, hata kama aliyekuletea anazungumza Kiswahili kizuri.

Mkataba wa Vienna wa 1963 unakupa haki ya ubalozi wa Tanzania kuarifiwa ukikamatwa. Wapo ndugu zetu waliokimbia baada ya mauaji ya Januari 2001 Zanzibar, wengine kwa kupitia Shimoni, Kenya, na wakapata hifadhi. Hao wamwulize wakili kwanza. Marekani imeiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo ubalozi wake huarifiwa utake usitake, kwa hiyo mwambie wakili wako mara moja kama uliomba hifadhi.

Ukiitwa wewe kwenye juri

Mtanzania mwenye ukaazi Uingereza, akiwa raia wa Jumuiya ya Madola, anaweza kuwa kwenye daftari la wapiga kura, na kwa hiyo kuitwa. Wengi hujificha. Nawaomba msijifiche, kwani mshtakiwa anayeogopa nyuso za juri anahitaji kuiona ya kwenu. Kupuuza wito kunaweza kukutoza faini ya hadi pauni 1,000. Ukiangukia Ramadhani unaweza kuomba uahirishwe mara moja, ndani ya miezi 12, na siku ikifika utaapa kwa Msahafu.

Mle ndani ukisikia mwenzako akimhukumu mshtakiwa kwa rangi, dini au lafudhi, usiseme nitalizungumza yakiisha. Katika kesi moja ya Birmingham mjumbe mmoja aliandika malalamiko kuhusu mizaha ya kibaguzi kesi ikiwa bado inaendelea. Jaji aliiacha juri ile ile iendelee, na mwaka 2000 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba mshtakiwa hakupata kesi ya haki. Barua ya yule mjumbe wa kesi ya mkalimani, iliyokuja baada ya hukumu, haikupokelewa. Marekani ililegeza kidogo mwaka 2017, kwa kesi iliyotoka Colorado, pale mjumbe anapotamka wazi kwamba rangi au asili ndiyo iliyomfanya atie hatiani. Hata hivyo usisubiri.

Usimwambie mtu nyumbani wala mwenzako wa kazini, maana kutoa nje yanayosemwa na juri ni kosa la jinai. Andika ujumbe kwa jaji, maneno yaliyosemwa na siku yaliposemwa, umpe mhudumu wa juri aufikishe kabla hamjatoa uamuzi.