Diwali kwenye televisheni, Lubumbashi: namna ya kuona utambi ukiwaka, si doa jeupe

Picha ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindi, ni giza lenye ndimi ndogo za moto. Televisheni haina mtihani mgumu kuliko huo, na nyingi hutoka dukani zikiwa zimepangwa kinyume kabisa: mwanga mkali na rangi za kuchoma macho, ili zimvute mteja chini ya taa za duka. Ndiyo maana mtu hununua inchi 55, kisha taa za Ayodhya, mji wa kaskazini mwa India, zinaonekana kama chumvi iliyomwagwa juu ya lami. Kurekebisha huchukua dakika ishirini hivi na hakudai hata faranga moja.

Tuanze na saa. India iko mbele ya Lubumbashi, Goma na Bukavu kwa saa tatu na nusu, na mbele ya Kinshasa kwa saa nne na nusu. Ukipewa ratiba na ndugu wa Kinshasa, ongeza saa moja. Diwali ya 2026 ni Jumapili, tarehe 8 Novemba. Puja ya Lakshmi, yaani ibada ya mungu wa kike wa utajiri, hufanywa baada ya jua kuchwa. Kaskazini mwa India mwezi huo jua huchwa kama saa 11 na nusu jioni, nasi huku tuko saa 8 mchana. Deepotsav (tamasha la taa) ya Ayodhya, kingo za mto Saryu zinapojazwa taa za udongo (mwaka 2025 zilihesabiwa zaidi ya milioni 2.6), kwa kawaida huwa jioni ya siku iliyotangulia. Dev Deepawali ya Varanasi, kwenye ngazi za mto Ganga, hungoja mwezi mpevu unaofuata, yaani siku 15 hivi baadaye. Kote huko ni usiku, na huku jua bado linawaka.

Kwa hiyo adui wa kwanza ni dirisha. Zima televisheni, keti pale unapoketi siku zote, kisha tazama kioo cheusi. Chochote unachokiona humo, iwe dirisha, balbu au shati lako jeupe, kitakaa juu ya picha ya usiku wa India. Jua la alasiri linatoka magharibi, basi televisheni isitazamane na dirisha la upande huo. Ukutani penye dirisha ubavuni ndipo pazuri. Pazia jepesi au kitenge kimoja havitoshi, weka blanketi zito la rangi ya giza nyuma ya pazia kwa saa hizo chache. Na usisahau vumbi. Diwali huja mwishoni mwa kiangazi chetu, wakati kioo kimeshavaa utando mwekundu ambao hauonekani mpaka mwanga uupige. Zima, acha kipoe, pangusa kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo sana. Dawa ya kusafishia madirisha hula tabaka la kinga la kioo, usiiguse.

Sasa picha yenyewe. Tafuta video ya usiku yenye taa moja ya udongo, diya, iliyopigwa kwa karibu, na uisimamishe. Itazame vizuri: kibakuli cha udongo, samli inayong'aa ndani yake, utambi wa pamba ulioegemea ukingo, na ulimi wa moto ulio manjano katikati na rangi ya chungwa pembeni. Hicho ndicho kipimo chako chote.

Ingia kwenye mpangilio wa picha (menyu nyingi hapa kwetu ziko kwa Kifaransa), achana na «Dynamique», chagua «Cinéma». Picha itaonekana ya manjano na hafifu. Vumilia dakika kumi, macho yatazoea. Joto la rangi liwe «Chaud». Ukiliacha kwenye «Froid», nguo za zafarani zinapauka na shaba ya mahekalu inageuka kama bati. Kisha:

1. Zima kila kinachojiendesha: kontrasti inayojibadilisha, kipima mwanga wa chumba, na hali ya kuokoa umeme. Hivi ndivyo vinavyofanya picha ipumue, ipande na kushuka kila kamera inapogeuka.

2. Shusha «Netteté» (ukali wa kingo za picha) hadi karibu na sifuri. Ukiona mstari mweupe umeizunguka kila taa, umeutengeneza wewe kwa kitufe hicho.

3. Punguza kontrasti mpaka ulimi wa moto uache kuwa doa jeupe na ile manjano ya katikati itokee.

4. Pandisha kiwango cha weusi kidogo kidogo mpaka kibakuli cha udongo kitoke gizani, kisha simama. Ukipitiliza, anga la usiku litakuwa jivu.

Hatua ya nne huwapoteza wengi kwa sababu ya jina. Kwenye seti za zamani «Luminosité» (mwangaza) ndiyo kiwango cha weusi. Kwenye nyingi za sasa jina hilohilo limepewa taa ya nyuma ya kioo. Jaribu: kitufe kikipandisha picha nzima pamoja na sehemu nyeupe, hicho ni taa ya nyuma. Unachokitafuta kinagusa giza tu. Taa ya nyuma ndiyo ya kupandisha mchana na kuishusha usiku. Mengine yakishakaa sawa, yaache.

Kwa Holi, sikukuu ya rangi, wengine wakirushiana rangi kule asubuhi nasi huku tukiwa alfajiri, zima pia kilainisha mwendo kwenye menyu ya picha. Unga unaoruka hewani una chembe zisizohesabika, nacho hujaribu kubuni picha za katikati. Matokeo yake ni ukungu unaovutwa nyuma ya kila mkono.

Kama bado hujanunua, peleka dukani flashi yenye video ya usiku na uombe ichezwe badala ya yale maua na samaki wa dukani. Tazama pembe za kioo: zikitoa mwanga wa kijivu gizani, zitafanya hivyo kila Diwali. Angalia pia ukubwa halisi wa picha kwenye karatasi ya maelezo. 4K ya kweli ni nukta 3840 kwa 2160. Seti iliyoandikwa «inapokea 4K» inaweza kuwa na kioo cha 1366 kwa 768, na hicho hakirekebishiki. Inchi 55 za 4K uketi mita 2 hivi. Matangazo ya 1080 (Full HD) yanapendeza zaidi kwenye mita 2 na nusu.

Mega za intaneti zikokotoe mapema. YouTube hupendekeza kasi ya megabiti 20 kwa sekunde kwa 4K, na 5 kwa 1080. Megabiti 5 ni GB 2.25 kwa saa. Megabiti 20 ni GB 9. Kwa matangazo ya moja kwa moja, funga ubora kwenye 1080 wewe mwenyewe, usiuache ujichagulie. Picha ya 1080 iliyotulia inaishinda 4K inayokatika kila dakika. Modemu ikiwa chumba cha pili, masafa ya 5 GHz hufa ukutani, na ya 2.4 hupita lakini hugombaniwa na majirani wote. Kebo ya mtandao (LAN) ya mita 10 inamaliza ugomvi. Tundu la LAN la televisheni nyingi lina kikomo cha megabiti 100, nazo zinatosha na kubaki.

Video za ndugu walioko Gujarat mara nyingi ndizo zinazogusa moyo kuliko matangazo yote, nazo ndizo zinazofika zimeharibika, kwa sababu WhatsApp huzibana. Mwambie ndugu azitume kama dokima («Document»), si kama video. Hapo faili hubaki kama lilivyotoka kwenye simu, hadi GB 2. Flashi iumbizwe kwa mfumo wa exFAT, maana ule wa FAT32 unakataa faili linalozidi GB 4. Na mpiga picha alaze simu.

Umeme. Soma kibandiko nyuma ya seti. Nyingi huandikwa 100–240 V, kwa hiyo umeme unaoshuka si ndio unaoua. Kinachoua ni ule unaorudi kwa kishindo baada ya delestaje, yaani mgao wa umeme. Umeme ukikatika, chomoa, na usichomeke tena mpaka balbu za nyumba zitulie. Stabilizateri (kidhibiti cha umeme) ya VA 1000 inabeba televisheni na modemu bila taabu. Kwa betri hesabu ni hii: V 12 na Ah 100 ni Wh 1200, betri ya asidi itumie nusu tu, inveta inakula kama sehemu moja ya kumi, zinabaki 540. Televisheni ya W 120 pamoja na modemu na spika za W 30 zinakupa saa tatu na nusu, yaani puja nzima na fataki za mwanzo. Inveta iwe ya wimbi safi («pur sinus»). Ile ya bei nafuu huingiza mngurumo kwenye spika. Mvua za Novemba huja na radi, na radi haipiti kwenye waya wa umeme peke yake: chomoa na kebo ya antena na ya LAN.

Sauti ya aarti, ibada ya kuzungusha taa mbele ya mungu, ina kengele juu na ngoma chini, na spika nyembamba za nyuma ya televisheni huziacha zote mbili. Spika ya nje iunganishwe kwenye tundu la HDMI lililoandikwa ARC. Zima hali ya kukuza maneno, kwani hushusha ngoma ili mtangazaji asikike.

Kama nyumbani mnawasha diya zenu, ziwekeni ubavuni mwa televisheni, mita moja kando, mbali na lile blanketi la dirishani. Zikiwa chini ya kioo, masizi na mvuke wa samli hupanda juu yake. Zikiwa nyuma ya watazamaji, ndimi zake huonekana ndani ya kioo, katikati ya mto Saryu.