Ukienda Mzima, Tsavo Magharibi
Fika chemchemi za Mzima asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Vyakula viache garini na upandishe vioo kabisa. Tumbili wa pale wana mikono myepesi. Ukingoni tembea pamoja na askari wa hifadhi, maana mamba akilala kando ya maji utamdhania gogo. Kile chumba cha vioo chini ya maji usikitoke upesi. Tulia kama robo saa, samaki watakuja mpaka kiooni. Kiboko kumwona humo ni bahati. Mtafute juu, mapovu yanapopanda. Na wewe wa Mombasa, maji hayo yanatoka milima ya Chyulu, mengine yanafika bombani kwako.