Kabla Hujaanza Kulitibu Shavu la Mguu Linalocheza

Kwanza tofautisha. Misuli kucheza ni kule kurukaruka chini ya ngozi, unakuona kwa macho na hakuumi. Misuli kubana ni jambo jingine: shavu linakuwa gumu kama jiwe, na unaamka usiku ukipiga kelele. La kubana linyooshe, vuta vidole vya mguu kuelekea gotini, litaachia. La kucheza mara nyingi halitaki dawa; ni mshipa wa fahamu unaojirushia amri wenyewe, na nyuzi chache za misuli zinaitii.

Usingizi: lala. Kahawa: punguza. Mtu anamaliza vikombe sita vya kahawa chungu barazani baada ya isha, anaongeza miraa, kisha anauliza mbona mguu unacheza! Umetembea mchangani kutoka mji wa Lamu mpaka Shela na kurudi kwenye jua la kaskazi? Kunywa maji, pumzika, siku mbili tatu utatulia. Wapo watakaokwambia una safari. Sawa, funga mzigo, lakini maji kunywa.

Sasa madafu, na hapa nisikilizeni.

Ami yangu ni fundi wa madau kule kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu. Ana sukari ya miaka mingi na figo zilikuwa zishaanza kuchoka. Mashavu ya miguu yakawa yanamcheza kila usiku. Mimi mjuaji nikasema mwili umepungukiwa na madini ya potasiamu, na dafu linayo tele, tena si dawa ya duka. Nikawa nampelekea madafu matatu kwa siku, na ndizi juu yake. Siku za mwanzo alinisifu. Siku ya saba akashindwa kuinuka kwenye mkeka, miguu mizito, anasema moyo unaruka mapigo. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimekaa kwenye tope. Tukangoja yajae ndipo tukamfikisha mjini. Kupimwa damu, potasiamu imepanda kiasi cha kuutishia moyo. Daktari hakuuliza habari za miguu. Aliuliza, "Mzee anakunywa nini?" Nikaangalia chini.

Figo ndizo zinazoitoa potasiamu iliyozidi. Zikidhoofu, inabaki ndani. Na kidonge chake cha presha, losartan, nacho huizuia isitoke. Anayemeza dawa ya kukojoza kama furosemide, huyo ndiye potasiamu humpungua. Mguu unacheza vilevile, tiba ni kinyume. Kwa hiyo mwenye sukari, presha au figo asipewe madafu, tende wala vidonge vya magnesiamu kama dawa kabla hajapimwa damu. Ami alipona, alhamdulillahi, ila mpaka leo nikipita na dafu mkononi ananiita muuaji.

Usikae nyumbani kama shavu moja limekonda kuliko jingine, unajikwaa kwa sababu wayo hauinuki, au ganzi inashuka kutoka kiunoni. Na ukishinda ndani ya basi kutoka Mombasa mpaka Mokowe, kisha shavu moja likavimba, likapata joto na kuuma, usikubali kukandwa hata na mama mzazi. Huenda damu imeganda ndani, na bonge likichomoka huenda mapafuni. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukienda, beba pakiti za dawa zote, na mitishamba pia. "Vile vidonge vyeupe" si jina la dawa. Walio Matondoni na Kipungani waangalie maji yanakupwa saa ngapi, wasingoje giza liingie, na mgonjwa asipande chombo peke yake.