Unameza ARV? Basi cheki na hiyo dawa ya kiungulia

Watu wakisikia ARV zinagongana na dawa zingine wanawaza madawa makubwa ya hospitali, kumbe mara nyingi mharibifu ni kile kidonge cha kiungulia ulichonunua dukani bila hata kuulizwa swali.

Siku hizi wengi wako kwenye TLD, kidonge chenye ARV tatu ndani, kimoja kwa siku. Ile D ni dolutegraviri na ndo yenye ugomvi na madini, yaani magnesiamu na aluminiamu (ndo zilizomo kwenye dawa nyingi za kiungulia), chuma, kalsiamu. Vikikutana tumboni vinashikana, dawa haiingii vizuri kwenye damu na wewe unajua umemeza fresh tu.

Panga hivi: TLD kwanza, kaa masaa 2 ndo unywe ya kiungulia, na kama ya kiungulia imetangulia subiri masaa 6. Mfano TLD yako ni saa 3 usiku, basi ya kiungulia mwisho saa 9 mchana halafu tena kuanzia saa 5 usiku. Omeprazo, nayo ya asidi tumboni, haina neno na TLD, ila kama uko kwenye atazanaviri (ARV nyingine) usiiguse kabla hujaongea na daktari.

Vidonge vya damu na kalsiamu (wajawazito mpo?) unaweza kumeza pamoja na TLD ila uwe umekula. Tumbo tupu, rudi kwenye 2 na 6.

TB ni habari nyingine, dawa yake rifampisini inafanya mwili uimalize dolutegraviri haraka, so unaongezewa kidonge cha dolutegraviri peke yake cha mg 50 masaa 12 baada ya TLD, na unaendelea nacho wiki 2 baada ya kumaliza dawa za TB, usijikatishie. Wenye sukari, metformini inapanda kwenye damu, kwa kawaida isizidi mg 1000 kwa siku. Dawa za kifafa pia zitaje kliniki mapema. Na diklofenaki (dawa ya maumivu) za kila siku kisa mgongo, zikikutana na tenofoviri, ile T ya TLD, figo zako haziko salama.

Dukani huna haja ya kutangaza mbele ya foleni, piga picha kopo lako, mpe muuzaji simu asome mwenyewe.

Kama ushachanganya jana, usimeze mbili leo kufidia, endelea na saa yako ila CTC (kliniki yako ya ARV) waambie, maana kipimo cha wingi wa virusi kikija kimepanda wataanza kukuuliza unaruka dozi wakati hujaruka hata siku moja.