Maumivu sugu ya kiuno: kubonyeza na kupasha joto kwa njia ya Kichina

Kabla ya kugusa kiuno, muulize mgonjwa maumivu yanazidi lini na yanapoa lini. Tiba ya jadi ya Kichina huanzia hapo, na wengi wanaoshindwa huanza kubonyeza kabla hawajauliza.

Kiuno kizito na kikakamavu kinachouma zaidi siku za mvua, na kulala hakukisaidii, kwa tiba hii kimeingiliwa na baridi na unyevu. Maumivu ya kuchoma mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, makali usiku na yasiyotaka kuguswa, ni ya damu iliyokwama, mara nyingi baada ya kuanguka au kubeba mzigo. Yanayouma polepole, magoti yakalegea, yakizidi kwa kazi na kupoa kwa kupumzika, huhesabiwa kuwa upungufu wa figo. Figo katika tiba hii zina maana pana: ndizo zinazolisha mifupa, na kiuno ni nyumba yao. Kiuno chenye joto pamoja na mkojo wa njano iliyokolea kisipashwe moto kabisa. Kapime mkojo kwanza.

Hospitali hutangulia pia kukiwa na ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba, mguu kuishiwa nguvu, homa, kukonda au jasho la usiku. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huanza kama maumivu ya kawaida tu.

Sasa tafuta pointi, yaani sehemu maalumu za kubonyeza. Mlaze mgonjwa kifudifudi, mto mwembamba chini ya tumbo. Shika vilele vya mifupa ya nyonga pande zote mbili. Mstari unaoviunganisha hupita karibu na pingili ya nne ya kiuno. Panda pingili mbili. Chini ya ncha ya pingili hiyo ya pili, toka kando kwa upana wa kidole cha shahada na cha kati vikiwa pamoja: hapo ni Shenshu, kulia na kushoto. Pima kwa vidole vya mgonjwa, si vyako. Mkono mkubwa hukupeleka nje ya pointi. Dachangshu iko umbali uleule kando ya pingili ya nne. Weizhong iko katikati ya mkunjo wa nyuma ya goti, na hapo bonyeza kwa wepesi kwa sababu mshipa wa damu uko chini yake.

Nyoosha mikono, acha uzito wa mwili ushuke taratibu kwenye vidole gumba. Shikilia sekunde 10, achia 5, rudia mara 6 kila pointi. Mgonjwa ahisi uzito unaotanuka. Akihisi kama umeme unaoshuka mguuni, sogea. Usibonyeze mifupa ya uti yenyewe.

Kwa baridi na unyevu, ongeza joto la moksa, kijiti kinachowashwa moto cha majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga. Kishike sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye ngozi, dakika 10 hadi 15, mpaka ngozi iwe ya waridi. Weka vidole vyako viwili kando ya pointi ili uhisi joto kabla halijamuunguza, na kung'uta jivu mara kwa mara. Chupa ya maji moto iliyofungwa taulo nayo inafaa. Asiyehisi vizuri kwenye ngozi, kama baadhi ya wenye kisukari, asipashwe hivi. Mjamzito asipashwe wala kubonyezwa kiunoni.

Kuhusu sindano nyembamba ambazo tiba hii huchoma kwenye pointi, utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa 2007 ulihusisha wagonjwa 1,162. Baada ya miezi sita, asilimia 47.6 ya waliochomwa kwenye pointi za Kichina walikuwa na nafuu, 44.2 ya waliochomwa juujuu nje ya pointi, na 27.4 ya waliopata tiba ya kawaida. Basi usimlipe mtu zaidi kwa madai ya pointi za siri.

Dawa za mitishamba zinahitaji uangalifu kuliko yote. Du zhong, gome linalopewa sana wenye kiuno dhaifu, hutambulika likivunjwa: vipande hubaki vimeshikana kwa nyuzi nyeupe za utomvu. Unga usio na majina ya mimea uuache. Mimea ya jamii ya Aristolochia iliyochanganywa kimakosa kwenye dawa za mitishamba iliharibu figo za wagonjwa nchini Ubelgiji miaka ya 1990.